Maswali yenu: vifuko vinavyosafirisha utando ndani ya seli

Utando ulio bapa hugeukaje kuwa kifuko?

Hukunjwa na gamba la protini. Gamba lililochunguzwa zaidi ni la klathirini, protini ambayo Barbara Pearse aliitenga na kuipa jina huko Cambridge miaka ya 1970. Kila kipande chake kina miguu mitatu iliyopinda. Vipande vikishikamana upande wa sitoplazimu (ujiuji unaojaza seli), hufanya kizimba cha pande tano-tano na sita-sita, kama mishono ya mpira wa miguu, na utando hubonyea humo. Protini nyingine, dainamini, huizunguka shingo ya kifuko na kuikata.

Gamba huchagua mzigo au hubeba chochote?

Huchagua, na kwangu hapa ndipo penye uzito wa jambo zima. Klathirini yenyewe haigusi mzigo. Katikati kuna protini viunganishi zinazotambua alama fupi kwenye mkia wa kipokezi, yaani protini ya utando inayonasa mzigo. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, walimchunguza mgonjwa ambaye vipokezi vyake vilinasa kolesteroli vizuri tu, ila havikukusanyika kwenye vishimo vyenye gamba. Kasoro ilikuwa asidi amino moja (kijenzi kimoja cha protini) mkiani. Moja tu! Kolesteroli ikabaki kwenye damu.

Gamba ni la aina moja?

La. Gamba liitwalo KOPI-II hutoa vifuko kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ambamo protini nyingi hutengenezwa) kuelekea Golgi (kituo kinachozikamilisha na kuzisambaza), na gamba la KOPI-I hutoa vile vinavyorudi. Vyote huvua gamba kabla ya kuungana na utando vinakokwenda.

Kama utando unamegwa kila mara, mbona seli haisinyai?

Kwa sababu hurudishwa. Wengi hufikiria kilichomo ndani ya kifuko na kusahau kwamba utando wenyewe nao ni mzigo. Makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, humeza takriban asilimia 3 ya utando wake wa nje kila dakika. Bila marejesho ungekwisha kwa nusu saa. Katika safari zote hizo utando haubadilishi uso: upande uliotazama sitoplazimu huendelea kuitazama. Ndiyo maana minyororo ya sukari inayoshikizwa kwenye protini za utando ndani ya Golgi huishia nje ya seli, haiingii kamwe kwenye sitoplazimu.