Dada Yangu Alikatwa Utumbo Akapungua, Je, Nami Nifanye Hivyo Hivyo?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 36, kilo 118 na urefu wa sentimeta 162. Nina watoto wawili na sijafunga uzazi. Niligundulika na kisukari miaka minne iliyopita na ninatumia vidonge. Dada yangu anayeishi Muscat alikatwa utumbo, akapungua kilo 40, na ananihimiza nifanye kama yeye. Jirani ananiambia niweke puto tumboni kwa sababu halina kisu. Daktari niliyemwona alitaja baipasi, lakini aliposema kwamba utumbo huunganishwa upya niliogopa na sikurudi tena. Magoti yananiuma, ninameza diklofenaki karibu kila siku, na usiku ninalala nimeegemea mito mitatu kwa ajili ya kiungulia. Je, ni njia ipi itakayonipunguza zaidi? – Mama Z., Tanga

JIBU: Mama Z., nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye ile mito mitatu. Umeitaja mwishoni kama jambo dogo, ilhali ndiyo ingepaswa kutangulia, kwa sababu upasuaji uliomfaa dada yako unaweza kukutesa wewe, na tofauti kati yenu ikawa ni hicho kiungulia tu.

Kwanza tuone kama unastahili upasuaji wowote. Ukichukua kilo zako 118 ukazigawa kwa urefu wa mita 1.62 uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 45, namba ambayo madaktari hupimia unene na huiita BMI. Kwa miongo mitatu madaktari walifuata mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991, uliotaka mtu awe na 40 na kuendelea, au 35 ikiwa ana ugonjwa unaoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilikishusha kipimo hicho hadi 35 kwa yeyote, na vikashauri kwamba mwenye kisukari aina ya pili afikiriwe hata akiwa na 30. Kwa mwongozo wa zamani au mpya, wewe umo.

Hicho ambacho mitaani tunakiita kukata utumbo, utumbo wenyewe hakiugusi. Daktari huingiza vifaa kupitia matundu madogo, akaupiga pini mfuko wa chakula kwa urefu wake, akakata na kutoa nje sehemu yake kubwa, yapata robo tatu au zaidi, akaacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Wenyewe huuita slivu, yaani mkono wa nguo. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, na bila shaka dada yako amekwisha kukusimulia jinsi sahani inavyomshinda. Upasuaji huu huchukua muda mfupi kuliko baipasi, hauna maungio ya utumbo, na ndio unaofanywa kwa wingi zaidi duniani siku hizi. Kipande kilichotolewa, hata hivyo, hakirudishwi.

Shida yako wewe ni kwamba mrija ule hauna nafasi ya kutanuka, kwa hiyo chakula na tindikali vikijaa ndani yake, msukumo hupanda na njia iliyo karibu ni kurudi juu kwenye umio. Watafiti wa Uswisi waliowafuatilia wagonjwa 217 kwa miaka 5, na kutangaza matokeo mwaka 2018, waliona kiungulia kikizidi kwa takriban asilimia 32 ya wagonjwa wa slivu, dhidi ya asilimia 6 ya wale wa baipasi. Wenzao wa Finland walipoingiza kamera kwa wagonjwa wao miaka 10 baada ya upasuaji, walikuta umio umechubuka kwa asilimia 31 ya waliofanyiwa slivu na asilimia 7 ya wale wa baipasi. Wapo wanaolazimika kurudi kwenye meza ya upasuaji ili slivu yao igeuzwe kuwa baipasi, na gharama ya mara ya pili sidhani kama jirani yako au dada yako ameipigia hesabu.

Sasa hiyo baipasi uliyoikimbia. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutengwa ikawa kijifuko cha mililita 30 hivi, yaani hata kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha barazani kinakizidi. Kisha utumbo mwembamba hukatwa, ncha moja ikapandishwa na kuunganishwa na kijifuko hicho, ili chakula kiuruke mfuko uliobaki na mwanzo wa utumbo. Hakuna kinachotolewa nje, na tindikali ya mfuko wa zamani haina tena njia ya kupanda kooni, ndiyo maana kwa mwenye kiungulia upasuaji huu huwa pia ni tiba. Kwa kisukari, sukari mara nyingi huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua, na vidonge ni lazima vipunguzwe na daktari mapema usije ukaanguka kwa sukari kushuka mno. Na kwa kuwa uliuliza ipi hupunguza zaidi, wale Wafini walikuta baada ya miaka 10 kwamba waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza takriban asilimia 51 ya uzito uliozidi, na wale wa slivu takriban asilimia 44. Tofauti ipo, lakini kwa maoni yangu peke yake haitoshi kumfanya mtu achague. Kiungulia kinatosha.

Hata hivyo barua yako ina kikwazo kingine, nacho ni diklofenaki. Mahali kijifuko kipya kinapoungana na utumbo huchimbika vidonda kwa urahisi, na dawa za jamii hiyo, pamoja na sigara, ndizo adui wake wakubwa. Kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Kwa hiyo baipasi na diklofenaki haviwezi kukaa nyumba moja, na uamuzi huo unapaswa kuufanya leo, ukiwa bado unaingia na kutoka duka la dawa kwa mazoea. Tumia parasetamoli, umwone mtaalamu wa mifupa, na ujue kwamba magoti yenyewe yatapata nafuu mzigo ukipungua.

Kabla ya lolote, omba kipimo cha endoskopi, ambapo kamera nyembamba hupitishwa mdomoni. Kitaonyesha kama umio umechubuka, kama sehemu ya mfuko wa chakula imepanda kifuani, na kama una wale bakteria wa vidonda vya tumbo ambao huku kwetu ni wengi. Watibiwe mapema, kwani baada ya baipasi mfuko ule wa zamani hautafikika tena kwa kamera ya kawaida. Kipimo hicho kikionyesha umio mzima na chanzo kingine cha shida yako ya usiku, nitakubali kubadili maoni.

Puto ni kweli halina kisu, na kwa Tanzania limekuwa likiwekwa katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Huingizwa kupitia mdomoni, likajazwa maji likiwa ndani, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6. Wengi hupungua kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wao, na wengi pia hurudisha sehemu ya uzito huo baada ya puto kutoka. Kwako, mwenye 45 na kisukari, ni msaada mdogo, na puto lenyewe huchochea kiungulia.

Kuhusu uzazi, usishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na ukumbuke kwamba mwanamke anapopungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka. Baada ya baipasi ufyonzwaji wa vidonge vya majira hauna uhakika, kwa hiyo kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Pia utameza vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D maisha yako yote, na kupima damu kila mwaka. Waulize bei ya dawa hizo mjini kwenu kabla hujalipa senti ya upasuaji, kwa sababu nimewaona waliomudu upasuaji na kushindwa na vidonge, wakarudi na ganzi miguuni na damu pungufu.

Rudi kwa yule daktari. Mwulize amekwisha kufanya baipasi ngapi, na ukipata maumivu makali ya tumbo saa nane za usiku miezi sita baadaye, utampigia nani na utapelekwa wapi. Maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa ni utumbo uliojisokota ndani, na hayangoji asubuhi.

SWALI: Nina kilo 94, urefu sentimeta 174, sina ugonjwa wowote. Harusi yangu ni baada ya miezi minne. Je, nifanye upasuaji au niweke puto? – Bwana Harusi Mtarajiwa, Mombasa

JIBU: Hongera, ndugu yangu. Kipimo chako ni 31 na huna kisukari, kwa hiyo upasuaji haukuhusu. Puto unaweza kuzungumza na daktari, ingawa kwa hesabu ya miezi uliyonipa, siku ya harusi litakuwa bado limo tumboni, na utakaa mbele ya sahani ya pilau ukiwa na nafasi ya vijiko vichache tu. Ningeanza na mtaalamu wa lishe wiki hii.