Maswali yenu: Kiswahili cha jahazi na Kiswahili cha ofisi

Swali: Tulifundishwa kwamba Kiswahili ni nusu Kiarabu na nusu Kibantu. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, na nimeshalijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba nilikusudia kulipita. Lugha haipimwi kwa kuhesabu maneno iliyoazima, bali kwa kutazama namna inavyoyatumikisha. Katika neno kitabu, sauti ya ki kwa Mwarabu ni sehemu ya mzizi. Mswahili aliisikia kama kiambishi cha ngeli, akasema vitabu. Waraka akaupatia nyaraka, wakati akaupatia nyakati. Karne nyingi baadaye Mwingereza aliweka kwenye mzunguko wa barabara kibao cha kuwaamuru madereva wapite kushoto, na amri yake ikawa kiplefti, wingi wake viplefti. Utaratibu ni ule ule, nao ni wa Kibantu, wa ukoo mmoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija cha visiwa vya Komoro. Biashara ya Bahari ya Hindi ilituachia msamiati: bandari na serikali kutoka Kiajemi, gari na laki kutoka Kihindi, meza na leso kutoka Kireno. Anayeshikilia hiyo nusu kwa nusu atuoneshe nusu ya sarufi ya Kiarabu iliko.

Swali: Kama ni hivyo, mbona tunahesabu sita, saba na tisa kwa Kiarabu? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu hesabu za biashara zilikuwa mikononi mwa watu wenye daftari za Kiarabu. Hata hivyo maneno ya zamani hayakutoweka yote. Tandatu, yaani sita, hukutana nayo katika lugha ya kale, kenda, yaani tisa, bado ipo kwa washairi, na saba yetu ya asili imejificha katika fungate, zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Wangazija, waliofanya biashara na Waarabu hao hao, mpaka leo wanasema ndradaru, nfukare na shenda. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba biashara peke yake hufuta hesabu za watu.

Swali: Skuli au shule?

Zote mbili. Unguja ilitawaliwa na Mwingereza ikapata skuli. Tanganyika ilianza na Mjerumani ikapata shule, pamoja na hela, iliyokuwa jina la sarafu yake. Anayemcheka Mzanzibari kwa skuli anamcheka mkoloni wa mwenzake kwa kutumia neno la mkoloni wake mwenyewe.

Swali: Mwanangu aliandika ndia na mato katika insha. Mwalimu alimkata alama na kuandika pembeni: "Si Kiswahili." Nyumbani ndivyo tunavyosema, na mtoto sasa anaona haya kuzungumza mbele ya wenzake. Nifanye nini? (Mama, Mombasa)

Bibi, mwalimu ana haki ya kudai Kiswahili sanifu katika insha ya shule. Haki ya kuandika maneno yale ya pembeni hana. Ndia, mato, nti na ndaa (njia, macho, nchi na njaa) ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na mshairi Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake kwa Kimvita karibu miaka 100 kabla ya kuwapo kamati yoyote ya kusanifu lugha.

Inafaa mwalimu huyo akumbushwe jinsi hicho anachokiita Kiswahili kilivyochaguliwa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake aliitunga kwa kuwasikiliza Wamvita. Mmisionari mwingine, Edward Steere, alifika Unguja miaka 20 baadaye, na vitabu vyake akaviandika kwa kuwasikiliza Waunguja. Yakawapo maandishi ya namna mbili, na kila misheni ikichapa kwa lugha ya pale ilipotia nanga. Kiunguja kilikuwa na nguvu ya fedha nyuma yake: Unguja ndiko yalikokuwa makao ya Sultani na soko la pembe, karafuu na watumwa, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikichukua hadi ndani ya bara. Serikali ya Mwingereza ilipotaka lugha moja kwa ajili ya vitabu vya shule na makarani wake, mkutano wa mwaka 1928 ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi. Mkutano huo ulifanyika Mombasa hapo hapo, ndani ya mji ambao lugha yake ilikuwa inawekwa kando, na wamisionari waliokuwa wakichapa kwa Kimvita hawakuridhika. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha, katibu wake akiwa Frederick Johnson, na vitabu vya shule vikawa vinapita mbele yake ili vikaguliwe na kupata idhini. Wajumbe wa Kiafrika hawakuketi katika kamati hiyo hadi miaka ya 1940, kwa hiyo wenye lugha walisahihishiwa lugha yao bila ya kuwapo kikaoni.

Siyakani manufaa yake. Mtoto wa Mwanza na mtoto wa Kisumu wanaweza kusoma kitabu kimoja, na hilo si jambo dogo. Ninachokikataa ni kuugeuza uamuzi wa ofisi kuwa hukumu juu ya midomo ya watu. Mmvita hutofautisha t mbili, moja ulimi ukigusa meno na nyingine ukigusa ufizi. Tahajia sanifu imezipa zote herufi moja, kisha tunamwambia mwenye t mbili kwamba yeye ndiye mwenye upungufu.

Nenda kwa mwalimu kwa upole, umwombe kwamba siku nyingine aandike njia juu ya ndia bila kuongeza neno. Nyumbani endeleeni kama mlivyozoea. Na wale wazazi wa Lamu na Pemba wanaowakemea watoto wao kwa kusema kama bibi zao, nao wasome jibu hili mara mbili.

Swali: Ni kweli Mwalimu Nyerere ndiye aliyeanzisha Kiswahili?

La. Tafadhalini, msinirudishie swali hili.

Swali: Marehemu babu aliacha sanduku la karatasi zilizoandikwa Kiarabu, na nyumbani hakuna anayekijua. Tuzipeleke msikitini? (Msomaji, Pangani)

Msizipeleke popote kabla hazijasomwa, kwa maana huenda si Kiarabu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Zipo barua za namna hiyo za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, India. Barua ya kawaida hufunguliwa kwa salamu ndefu za Kiarabu, kisha mwandishi husema "ama baadu", yaani baada ya hayo, na kuanzia hapo anaandika Kiswahili kitupu: deni la fulani, mipaka ya shamba, mgonjwa aliyepata nafuu. Msomaji wa Kiarabu pekee hatafika mbali, kwa kuwa herufi ya be huweza kusomwa b, p au mb, na anayeamua ni yule anayekijua Kiswahili.

Mjerumani mwenyewe, katika miaka yake ya kwanza, alipokea barua za maliwali na majumbe, watawala wa miji na vijiji, kwa herufi hizo. Shule zake zilipoanza kutoa makarani wa herufi za Kilatini, mtu aliyeheshimiwa kijijini kwa kalamu yake aliingia ofisini akahesabiwa hajui kusoma. Familia nyingi ziliamini hesabu hiyo, na ndiyo maana masanduku kama lenu huchomwa moto. Zipigeni picha karatasi zote, msizigandishe kwa plastiki, kisha waulizeni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako miswada ya aina hii imekusanywa kwa wingi.

Swali: Rafiki yangu wa Dar es Salaam anasema sisi wa Lubumbashi tunaongea Kiswahili cha kishenzi. Nimjibuje?

Mwulize kwanza kama anajua alikolitoa neno hilo. Katika lugha ya pwani na ya misafara, mshenzi alikuwa mtu wa bara, ambaye angeweza kukamatwa na kuuzwa, na kinyume chake alikuwa mngwana, yaani mtu huru. Watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, waliovuka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo na Nyangwe katika Kongo ya leo walijiita wangwana, na Kiswahili walichokiacha huko kikaitwa Kingwana. Baadaye migodi ya shaba ya Katanga, chini ya Mbelgiji, ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, nao wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kambi na ya mji. Kamati ya mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo, kwa hiyo rafiki yako anakushitaki kwa sheria ambayo haikupata kuwafikia wazee wako, na neno analokushitakia ni la watu waliouza watu.