Ukiombwa Huduma Parokiani: Kukataa Ruksa, Kupotea Hapana

Swali ninalokutana nalo mara nyingi tangu nilipoingia kwenye halmashauri ya parokia ni hili: "Lakini ni lazima?" Ni lazima nijiunge na chama cha kitume? Ni lazima nihudhurie semina? Ni lazima niwemo kwenye kamati ya ujenzi? Anayeuliza huwa kachoka, na huuliza kwa sauti ya chini kana kwamba swali lenyewe ni la kuungama. Si la kuungama. Ni swali halali, na jibu la Kanisa ni fupi kuliko wengi wanavyodhani.

Yaliyo lazima kwa maisha ya kawaida ya mwamini yamo katika Amri za Kanisa, nazo ni tano tu, kama Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, inavyozitaja kwenye namba 2042 na 2043. Kushiriki Misa Dominika na sikukuu zilizoamriwa. Kuungama dhambi walau mara moja kwa mwaka. Kupokea Ekaristi walau wakati wa Pasaka. Kushika siku za kufunga na kujinyima. Kulitegemeza Kanisa kwa mahitaji yake, kila mtu kadiri ya uwezo wake. Kwaya haimo. Kamati ya ujenzi haimo. Sare ya chama haimo kabisa, hata kama mwenyekiti wa chama anaizungumzia kama amri ya sita.

Tena hata hayo ya lazima yana nafasi kubwa ya uhuru ndani yake. Kanuni ya 1248 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, ule uliotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, inasema wajibu wa Misa unatimizwa popote Misa inapoadhimishwa kwa riti ya Kikatoliki, siku yenyewe au jioni ya kuamkia. Kwa hiyo ukisali parokia ya jirani hujakosa kitu. Anayemuuguza mtu nyumbani au ana mtoto mchanga ana udhuru. Na kanuni ya 991 inampa kila mwamini uhuru wa kuungama kwa padri yeyote aliyeruhusiwa kuungamisha. Asiyeweza kumfungukia paroko, yaani padri msimamizi wa parokia, wanayekutana naye kila wiki kikaoni asijitese.

Nimeona watu wakishusha pumzi wakisikia haya. Nimeona pia wengine wakiyageuza kuwa kisingizio cha maisha: "Mimi amri tano natimiza, msinisumbue." Hawa huwa nawaambia waisome Katekisimu kuanzia namba 2041, kabla ya orodha yenyewe. Inasema wazi kwamba amri hizi ni kiwango cha chini kabisa. Aliyeridhika na kiwango cha chini hajavunja sheria, lakini asishangae akiona parokia ni mahali anapopita tu.

Tuje sasa kwenye lile ambalo utumishi umenifundisha kuliko vitabu. Uhuru wako mkubwa parokiani upo kabla hujasema "ndiyo". Hapo una haki ya kukataa, na huna deni la kumweleza mtu sababu zako zote. Ukishasema "ndiyo", mambo yamebadilika: kuna watu wamepanga shughuli zao kwa kutegemea neno lako. Anayeiumiza parokia si yule anayekataa. Ni anayekubali halafu akapotea.

Chukua msomaji wa masomo. Jina lake limo kwenye ratiba, na ratiba imebandikwa mlangoni wiki nzima. Maandamano yanakaribia kuanza, wimbo wa mwanzo umeshapigwa, na mtu wa liturujia anazunguka sakristia akiuliza nani anaweza kusoma. Anakamatwa binti wa watu aliyekuja kusali zake. Anapanda mimbari na Waraka kwa Warumi ambao hajaupitia, sentensi moja ya Mtakatifu Paulo ina urefu wa nusu ukurasa, na anavuta pumzi mahali pasipostahili. Waamini mia kadhaa hawakulisikia somo siku hiyo. Waliisikia hofu ya yule binti. Na aliyepotea akiulizwa anajibu kwa utulivu kabisa kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Ndiyo, ulijitolea. Ulikuwa huru kutojitolea.

Katika Mathayo 21 Yesu anaeleza habari za baba aliyewatuma wanawe wawili shambani. Mmoja alisema naenda, asiende. Mwingine alisema sitaki, baadaye akajirudi, akaenda. Kila ninaposhiriki uchaguzi wa viongozi huwakumbuka hawa wawili, maana aina zote mbili huwa ukumbini, na kura huwa tunampa yule aliyesema naenda.

Basi ukitaka kukataa, kataa vizuri. Mjibu aliyekuomba, yeye mwenyewe, mapema, kwa sentensi moja au mbili. "Nashukuru kwa kunifikiria, lakini mwaka huu sitaweza." Usipange sababu saba, kwa sababu kila sababu ni mlango wa majadiliano. Usiseme "tutaona" wala "Mungu akipenda" wakati moyoni umeshakataa. Mungu hajahusishwa hapo. Kama una jina la mtu mwingine, usilitaje kabla hujamwuliza mwenyewe. Parokia nyingi zina mchezo huu: asiyekuja kikaoni ndiye anayechaguliwa. Mwenyekiti anauliza nani atasaidia kuandika kumbukumbu, watu wanakagua viatu vyao, halafu sauti moja kutoka nyuma inalitaja jina la mama fulani ambaye siku hiyo amebaki nyumbani na mgonjwa. Makofi. Kikao kimefungwa. Mama huyo analetewa barua ya wadhifa. Kama ni wewe, rudisha barua bila kuona haya. Uteuzi ambao hukuulizwa haukufungi.

Ukikubali, kubali kwa mipaka. Kazi ni ipi hasa, inaishia lini, na nikiumwa nani anashika? Watu huogopa kuuliza maswali haya wasionekane hawana moyo. Kwa ninavyoona, wanaoyauliza ndio wanaodumu. Wanaokubali kwa machozi siku ya mafungo, huku mikono ikiwa juu, mara nyingi hatuwaoni ikifika Kwaresima.

Mwenye ndoa aongeze swali la nne: mwenzangu anasemaje? Wajibu wako wa kwanza ni ule wa hali yako ya maisha. Kanuni ya 226 inawataja wanandoa na wazazi waziwazi, kwamba kadiri ya wito wao wana wajibu wa kulijenga taifa la Mungu kwa njia ya ndoa na familia, na kwamba malezi ya watoto ni wajibu wao mzito. Mzee wa kanisa ambaye watoto wake humwona akiwa mimbarini tu hajaitoa sadaka yake peke yake. Ameitoa na ya wengine bila kuwauliza.

Kuhusu fedha nitasema zaidi kidogo, maana hapo ndipo uhuru na wajibu hugongana kwa kelele. Kanuni ya 222 inasema waamini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake. Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Havipingani. Kutoa ni wajibu. Kiasi ni kati yako na dhamiri yako, ukiwa umeutazama mfuko wako kwa ukweli. Kwa hiyo kiongozi anayebandika ukutani au kurusha kwenye kundi la WhatsApp la parokia orodha ya "ambao hawajatoa" amevuka mpaka. Kanuni ya 220 inalinda sifa njema ya mtu na faragha yake, na kwenye orodha kama hiyo huwa kuna mjane, kuna aliyepoteza kazi, kuna anayelipia matibabu kimyakimya. Ukiiona, usirushe maneno hadharani. Mpigie aliyeiweka, mwombe aiondoe. Kwa uzoefu wangu wengi huiondoa siku hiyohiyo. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na bajeti.

Lakini nawe mtoaji una wajibu unaokwenda mbali kuliko bahasha. Wengine wakiwa na mashaka na matumizi huacha kutoa, kimya, na kuuita uamuzi huo uhuru. Anayeumia ni bili ya umeme na mshahara wa mlinzi. Sheria imekupa njia iliyonyooka zaidi: kila parokia inatakiwa kuwa na baraza la masuala ya fedha (kanuni ya 537), wasimamizi wa mali wanapaswa kuwapa waamini hesabu ya kile waamini walichotoa (1287), na kilichotolewa kwa lengo maalumu kitumike kwa lengo hilo tu (1267). Mchango wa paa ni wa paa. Uliza hesabu. Iulize kwa mjumbe wa fedha kwanza, kisha kwa maandishi, na uwe umetoa chako kabla ya kuuliza. Swali la mtoaji husikilizwa tofauti, hata kama kisheria si sharti.

Hilo linatuleta kwenye kusema. Wapo wanaoamini kwamba mlei mwema, yaani mwamini asiye padri wala mtawa, ni yule aliyenyamaza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, haukuamini hivyo: hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 37, inawapa walei nafasi, na wakati mwingine hata wajibu, wa kutoa maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa. Kanuni ya 212 imelirudia hilo kisheria na kuongeza masharti yake: kulinda imani na maadili, heshima kwa wachungaji, manufaa ya wote na hadhi ya watu. Nimefanya ukatibu, nimepokea karatasi nyingi zisizo na jina zilizopenyezwa chini ya mlango. Hakuna hata moja niliyoweza kuifanyia kazi. Huwezi kumrudia mwandishi asiyekuwapo umwulize alikuwa na maana gani.

Tulipowahi kubadilisha saa ya Misa ya kwanza, manung'uniko yalijaa kila pembe, mengi yakiwa ya aina ya "tumezoea". Kisha nesi mmoja wa zamu ya usiku akaandika barua ya aya mbili. Alieleza saa wanayotoka kazini, saa ya usafiri wao, na kwamba kwa ratiba mpya yeye na wenzake hawataweza kufika Misa yoyote ya asubuhi. Aliweka jina na namba ya simu. Ilisomwa kikaoni, na saa ikarudishwa. Barua ile haikumlaumu mtu, na ilikuwa na kitu ambacho paroko asingeweza kukijua bila kuambiwa. Ndiyo maoni yenye uzito.

Jiandae pia kusikilizwa na bado usikubaliwe. Kanuni ya 536 inasema baraza la kichungaji lina kura ya ushauri tu. Hili huwauma sana watu waliozoea mikutano ya kura ya wengi. Nami lilikuwa likinikera. Lakini ukishasema kwa uwazi na kwa heshima, umemaliza sehemu yako. Kuendesha kampeni ya pili uani baada ya Misa ni jambo jingine, na kanuni ya 223 inakukumbusha kwamba haki zako zinatumika kwa kujali manufaa ya wote.

Neno kuhusu dhamiri, kwa sababu hutajwa sana pale mtu anapotaka kushinda ubishi. Katekisimu, namba 1790, inasema mtu analazimika daima kuitii hukumu ya hakika ya dhamiri yake. Namba chache kabla ya hapo inasema dhamiri hulelewa, kazi ya maisha yote. Huwezi kuchukua ya kwanza ukaacha ya pili. Na katika mambo ya dunia, siasa zikiwemo, kanuni ya 227 inakuachia uhuru wa raia yeyote, ila inakukataza kuyatangaza maoni yako kama ndiyo mafundisho ya Kanisa. Kundi la kwaya lingekuwa na amani zaidi kama watu wangeishika nusu hiyo ya pili hasa wakati wa uchaguzi.

Mwisho, kuna mwajibikaji aliyepitiliza. Unamjua. Ana funguo za kabati la vipaza sauti, ana daftari la maua, ana neno la siri la ukurasa wa parokia, na akisafiri Misa inasaliwa bila kipaza. Anaitwa nguzo, na kweli amefanya mengi, lakini vijana waliowahi kutaka kujifunza mitambo walishaacha kuomba. Kama una wadhifa na muda wako unakaribia kuisha, anza makabidhiano miezi kadhaa kabla. Andika ukurasa mmoja: kazi inafanyika siku gani, vifaa vipo wapi, nani hupigiwa simu mashine ikigoma, fedha kiasi gani imebaki na risiti ziko kwenye faili lipi. Mchukue mrithi wako afanye Dominika kadhaa wewe ukiwa umekaa pembeni, na akikosea usinyanyuke kabla hajakuita. Funguo mkabidhi zote, na ile ya akiba uliyoichongesha mwenyewe.