Kabla ya kuchagua njia ya data, ilaze redio

Msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho ukifika, wanafunzi wa uhandisi wanaojenga mitandao ya vihisi visivyotumia waya huniuliza swali lilelile: "Kaka, itifaki gani ya kupitisha data inaokoa betri zaidi?" Wengi wameshachagua itifaki iitwayo LEACH kabla hata ya kuuliza. Jibu langu huwakera kidogo: redio yako inalala muda gani?

Chukua CC2420, redio iliyomo kwenye nodi za TelosB, yaani vifaa vidogo vya mtandao vyenye vihisi, redio na betri. Ikirusha kwa nguvu zake zote hutumia miliampia 17.4. Ikisikiliza tu, hata kama hakuna anayesema, hutumia 18.8. Kutega sikio kuna gharama kuliko kusema! Betri mbili za AA za miliampia-saa 2,500 hazimalizi wiki redio ikiwa wazi muda wote. Iamshe kwa asilimia 1 tu ya muda, na kwa hesabu betri zilezile zinavuka mwaka. Sijaona ujanja wa njia unaokupa tofauti kubwa hivyo. Panga usingizi kwanza, kwa ContikiMAC, utaratibu unaoiamsha redio kidogo kisha kuilaza tena, au mfumo mwingine.

LEACH, iliyotolewa mwaka 2000 na Heinzelman na wenzake wa MIT, ina wazo zuri: nodi hujigawa makundi, na uongozi wa kundi huzungushwa ili asichoke mmoja. Ila inachukulia kwamba kila nodi inaweza kukifikia kituo kikuu, kinachopokea data yote, moja kwa moja. Kwenye majaribio ya kompyuta, sawa. Shambani kuna miti, vichuguu na mahindi.

Mahindi hasa. Maji yaliyomo kwenye majani hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo kiungo kilichokuwa safi wakati wa kupanda huanza kupoteza paketi mimea ikipita kimo cha mtu. Paketi iliyorushwa mara tatu umeilipia mara tatu. Ndiyo maana sipendi njia inayochaguliwa kwa uchache wa nodi za kupitia: mara nyingi huokota viungo virefu na dhaifu. Tumia kipimo cha ETX, kinachokadiria paketi itarushwa mara ngapi hadi ifike. RPL, itifaki ya njia iliyopitishwa mwaka 2012 na IETF, shirika la viwango vya intaneti, inaweza kukitumia, na Contiki-NG, mfumo endeshi wa nodi, inayo tayari. Na antena uipandishe juu ya mimea.

Halafu kuna majirani wa kituo kikuu, yaani nodi zilizo karibu nacho. Hao hubeba mizigo ya wote walio nyuma yao, hivyo hufa mapema, na shamba zima hunyamaza huku nodi za mbali zikiwa na betri karibu kamili. Wape paneli ndogo za sola, na nodi zitume wastani badala ya kila kipimo.

Lakini kama ni ekari chache na unapima unyevu wa udongo mara nne kwa siku, nunua LoRa, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo. Kwenye LoRaWAN, mtandao wa redio hizo, kila nodi huongea moja kwa moja na geti, kifaa kinachopokea data, hakuna njia ya kuchagua. Kumweleza hivyo msimamizi aliyekwisha kupitisha kichwa cha mradi, hilo ni lako.