Re: Dashibodi ya faibaglasi imepinda baada ya kukaa juani

Mambo mkuu, nimekuelewa, yaani kipande cha juu cha dashi kilitoka kwenye moldi (kalibu ya kukipa umbo) kimenyooka safi, ukakifunga, jua la siku chache kikalegea upande wa kioo cha mbele. Yalinikuta hayo hayo, nikadhani ni wembamba nikaongeza leya mbili nyuma, kikapinda zaidi!

Kwanza angalia resini, yaani ule utomvu unaoganda na kushika nyuzi za faibaglasi. Kama ni ya aina ya epoksi na uliiacha ikauke kwa joto la kawaida la chumba, nyingi zinaanza kulainika kwenye nyuzi 50 au 60 hivi, na dashi chini ya kioo jua likiwa kali inaweza kupita 80. Hapo unene hausaidii. Inatakiwa uipike taratibu: mimi nilitengeneza boksi la foili na taa za joto, kipimajoto ndani, napandisha kama nyuzi 10 kwa saa mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya resini, kipande kikiwa bado kimebanwa kwenye moldi, halafu kipoe chenyewe humo humo, usiharakishe kabisa hapa. Hakikisha moldi nayo inahimili hilo joto. Na kama karatasi inasema resini yako haihimili nyuzi 80 hata ukiipika, badilisha tu, usipoteze muda.

Hicho kilichopinda usikitupe, kirudishe kwenye moldi ukibane ukipike hivyo hivyo, changu kilirudi karibu chote. Ukikipiga msasa vaa barakoa ya vumbi, lile vumbi la faibaglasi baya sana kwa mapafu.