Kabla hujasaini mkataba wa mfumo, uliza itakuwaje siku mtandao ukikata

Wauza mifumo ya kompyuta ya madukani wanapenda grafu. Projekta inawashwa, mauzo yanapanda kwa rangi ya kijani, na bosi wa duka la jumla ameshaanza kuuliza bei. Mimi kazi yangu ni kufunga mifumo ya mauzo na stoo hapa Dar es Salaam, na bado sijaona biashara iliyokwama kwa kukosa grafu. Zinakwama kwa mtandao, umeme na bakapu, yaani nakala ya akiba ya taarifa.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Jumatatu yake, wateja ambao mfumo wao wote uko kwenye seva (kompyuta zinazotunza mfumo na taarifa zake) za Ulaya walipata tabu: keshia anabonyeza, kiduara kinazunguka tu, foleni imefika nje, mwisho daftari likatolewa. Wenye seva ndogo dukani waliendelea kuuza, taarifa za mauzo zikatumwa mtandaoni baadaye. Kwa hiyo muulize muuzaji: mtandao ukikata, keshia atauza? Akikujibu "weka laini mbili", sawa, zinasaidia waya ukikatwa mtaani. Ila kama kampuni zote mbili zinategemea nyaya zilezile za baharini, zitalala pamoja.

Sisemi kila mtu anunue seva. Duka la watu wanne linatosheka na mfumo wa mtandaoni, na daftari liwe karibu.

Ukiamua kuwa na seva, nunua UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, yenye waya wa USB wa kuiambia seva ijizime chaji ikikaribia kwisha. Bila huo, umeme ukikatika saa nane usiku betri itaisha, seva itazimika ghafla, na database, yaani hifadhi ya taarifa zote za mfumo, inaweza kuharibika.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalitaji. Mifumo kadhaa ya bei nafuu inatumia SQL Server Express, toleo la bure la programu ya database ya Microsoft, ambalo hadi lile la 2022 lina kikomo cha GB 10 kwa kila database. (La 2025 limefika GB 50, lakini maduka mengi bado yana ya zamani.) Mwanzoni huoni kitu. Ukiweka picha za bidhaa na viambatanisho humohumo, nafasi inajaa, na siku ikijaa taarifa za zamani zinasomeka vizuri huku mauzo mapya yakigoma kuingia. Mwambie fundi akuonyeshe leo ukubwa wa database yako.

Kwenye bakapu, usiulize kama ipo, maana wote husema ipo. Mpe fundi kompyuta tupu, airudishe bakapu ya jana mbele yako, kisha mhasibu alinganishe salio la bidhaa moja na lile la stoo. Diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva usizihesabu: ukifuta kitu kwa moja, kimefutika kote. Na diski ya nje ichomolewe kazi ikiisha, la sivyo virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa vitaifunga nayo.

Mkataba useme wazi kwamba ukiondoka unakabidhiwa database nzima, wala si rundo la PDF. Nywila ya msimamizi uwe nayo wewe mwenye mali. Fundi akinuna, mwache anune.