Maji kwenye chupa iliyofungwa hayajaacha kugeuka mvuke

Mdogo wangu, umeuliza: chupa yenye maji nusu ikifungwa, kina hakipungui, je, mwalimu akisema pana msawazo, maji yameacha kugeuka mvuke? Na chupa ikiwa kubwa zaidi, presha ya mvuke itabadilika?

Hayajaacha. Molekuli zinatoka majini muda wote, na zilizo hewani zinarudi. Mwanzoni zinazotoka huzidi zinazorudi. Mvuke ukiongezeka, zinazorudi nazo huongezeka, mpaka kasi hizo mbili zilingane; huo ndio msawazo. Shika hilo neno kasi, maana kwenye mitihani wengi huandika kwamba kiasi cha maji na cha mvuke kimelingana, na hapo alama zinapotea bure.

Nafundisha kemia hapa Kigoma, na chupa ya iodini ya maabara hunisaidia kuliko ubao. Chini kuna chembe nyeusi, juu yake mvuke wa zambarau. Isogelee: utaona vijiwe vyembamba vinavyong'aa vimeota begani mwa chupa, upande wa ukutani ambako kioo kina ubaridi. Hakuna mkono uliovipandisha. Iodini ilipaa ikiwa mvuke, ikaganda pale, na chupa haijafunguliwa.

Kuhusu ukubwa: kwenye chupa kubwa maji mengi zaidi yatageuka mvuke, lakini presha itaishia palepale, alimradi maji hayajaisha. Inayoamua ni nyuzijoto. Kwa nyuzi 25 presha ya mvuke wa maji ni takriban milimita 24 za zebaki. Kwa nyuzi 30 ni kama 32. Ikifikia presha ya hewa, maji yanachemka. Kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100, huku kwetu ziwani karibu 97, Tabora iliyoinuka zaidi karibu 96.

Barafu nayo ina mtego wake. Fungua deli la samaki aina ya migebuka pale mwaloni Kibirizi, utakuta barafu inaelea kwenye maji yake. Ukiyakoroga, kipimajoto kitasoma sifuri, na kitabaki sifuri hata deli likiwa wazi juani, kwa sababu joto linaloingia linaishia kuyeyusha barafu, jouli 334 kwa kila gramu. Lakini huo si msawazo, kwani kuyeyuka kunashinda kuganda. Usiangalie kipimajoto peke yake, angalia kama barafu inapungua. Jaribu mchanganyiko huohuo ndani ya chupa ya chai iliyofungwa vizuri, ndipo utakaribia hali ambayo kitabu chako kinaizungumzia.